UZI: Meli ya Ziwa Nyasa, Kyela hadi Mbamba Bay: namna ya kufaidi kila bandari bila kumaliza mfuko

Kivuli cha Rungwe

Wakuu, habari za jioni.

Kila likizo ikikaribia naona watu wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaulizana gharama za Zanzibar, wakishazijua wanakaa kimya na likizo inapita. Ziwa tunalo sisi wenyewe, hapo chini ukishuka Tukuyu. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, kina chake kinapita mita 700, na aina za samaki waliomo hazipatikani kwa wingi huo katika ziwa lolote jingine duniani. Na meli ipo. MV Mbeya II imejengwa hapohapo Itungi, inabeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, na inashuka na mwambao wetu wote, bandari kwa bandari, mpaka Mbamba Bay mkoani Ruvuma.

Nataka tuzungumzie kitu kimoja tu ambacho wengi hawakitumii: vile vituo vya njiani. Abiria wengi hulala au hukaa juu wakiangalia watu wanashuka, halafu wanafika mwisho wa safari na kusema "ziwa nimeliona". Hawajaliona.

Hoja yangu ni hii. Kwenye meli hii muda wa kukaa bandarini hauamuliwi na saa, unaamuliwa na mizigo. Mtu akikwambia "tunakaa nusu saa" usimtegemee sana. Kabla hamjafika, tembea mpaka sehemu ya mizigo uangalie kilichoandikwa jina la kituo kinachofuata. Ukiona saruji, bati, kreti za soda na magodoro vimesogezwa karibu na mlango, hapo kuna kazi ya kushusha. Kisha meli ikikaribia tazama ufukweni. Kama kuna rundo la magunia ya mahindi na viroba vya usipa, yaani dagaa wa ziwa hili, vinasubiri kupakiwa, una muda wa kushuka, kula ukiwa umekaa, na kutembea kidogo. Kama ni watu watano na mabegi yao, usiache ufukwe. Na wa kumuuliza ni karani wa mizigo. Nahodha anajua njia, karani ndiye anajua magunia mangapi yamebaki.

Ukishalijua hilo, hela yako haipotei. Nimeona watu wanashuka kwa pupa, wanapanda bodaboda kwenda "kuona mji", dakika kumi honi inalia, wanalipa tena mara mbili kurudishwa mbio. Mtu huyo ametumia pesa na hakuona chochote. Aliyebaki hatua mia kutoka kwenye maji amekula samaki wa moto, ameongea na wenyeji, na amerudi kwa miguu.

Jambo la pili, linahusu mwanzo wa safari. Itungi hujaa mchanga unaoletwa na mito, kwa hiyo meli hutumia pia bandari ya Kiwira. Ukifika Kyela mjini uliza kwanza meli iko bandari gani, ndiyo uelewane na bodaboda. Ukienda siko umelipa nauli mara mbili kabla hata hujaliona ziwa.

Vituo nitavieleza kadiri maswali yatakavyokuja. Nitaanza na Matema, maana ndiko roho yangu iliko. Milima ya Livingstone inashukia majini pale, ufukwe ni mpana na mchanga wake ni laini. Ng'ambo kidogo ya Matema kuna Lyulilo, na mbele zaidi, chini ya milima, kijiji cha Ikombe cha Wakisi. Vyungu vizuri unavyoviona vimepangwa masokoni Mbeya, vingi vimefinyangwa na wanawake wa kule na kuletwa kwa mitumbwi kwenye gulio la Lyulilo siku ya Jumamosi. Chungu ukikinunua pale unamlipa aliyekifinyanga, na bei yake si ile ya mjini. Kifungie kwenye kanga na ukiweke chini ya kiti, kitafika salama.

Karibuni.

Soko Matola

Mkuu, uzi mzuri sana. Mimi nina mke na watoto wawili, mkubwa darasa la tano. Likizo ya mwezi wa sita nataka niwapeleke. Swali langu ni chakula. Kwa watu wanne, nibebe kutoka nyumbani au ninunue njiani? Na je, mwezi wa sita ziwa linakuwaje?

Kivuli cha Rungwe

Ndugu yangu, fanya yote mawili. Kutoka nyumbani beba vinavyokaa: ndizi za kuchemsha, maandazi, karanga, maji ya kunywa ya kutosha. Hivyo ndivyo vya usiku, meli ikiwa katikati ya maji na watoto wameamka na njaa. Mchana ule bandarini. Wali wa Kyela kabla ya kupanda, hilo halina mjadala. Mkianza kushuka kusini mtakuta ugali wa muhogo na usipa wa kukaanga, na mkibahatika samaki aitwaye mbasa, wa kuchoma. Sahani moja kubwa mnakula wawili. Watoto wafundishe kabisa kwamba mboga ya siku hiyo ni iliyovuliwa siku hiyo, wasije wakaomba chipsi.

Kuhusu mwezi wa sita, hapo subiri wenye ziwa lao wakujibu, lakini kwa ufupi ni majira ya mwera. Upepo huo wa kusini huvuma kwa nguvu kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane, na mawimbi yake si mchezo. Meli inahimili kuliko boti ndogo, ila inaweza kuchelewa, na mwenye tumbo dhaifu atatapika. Mwezi wa nne na wa tano nao Kyela ni mvua na mafuriko. Kwangu mimi, Septemba na Oktoba ndiyo miezi mizuri: ziwa limetulia na barabara ni kavu.

Dereva wa Kasumulu

Naongezea usafiri maana hapo ndipo watu wanaibiwa. Kutoka Mbeya panda Coaster za Kyela pale Nane Nane au zisubiri Uyole. Usikubali mtu akwambie lazima ukodi gari. Barabara ni lami yote kupitia Tukuyu. Kaa upande wa dirisha, uone migomba na mashamba ya chai, na ukishuka Ushirika uanze kuvua koti taratibu, maana Kyela ni joto.

Anayetaka kuanzia Matema asirudi nyuma mpaka Kyela mjini. Kuna lami ya Kikusya, Ipinda mpaka Matema. Magari ya Ipinda ni mengi, na kutoka Ipinda utapata la Matema.

Halafu, neti. Hata kama nyumba ya wageni inasema ina neti, angalia kama haijatoboka. Watu wa Mbeya mjini na Makete wakishuka Kyela wanasahau malaria.

Binti Pangwa

Kaka Kivuli, nimesoma na nimefurahi, ila kuna mambo mawili niseme kama mtu wa Ludewa.

La kwanza, Lupingu umeiruka. Hiyo ndiyo bandari ya kwetu. Mlima umesimama juu yake kama ukuta, na barabara ya kupanda Ludewa inapinda mpaka unatamani kufumba macho. Meli ikipita usiku hamtaona kitu zaidi ya taa za tochi na kelele za wapakiaji, kwa hiyo kituo cha usiku mlale. Angalieni mlipita wapi gizani wakati wa kwenda, mara nyingi wakati wa kurudi mtapapita kwa mwanga. Nguvu za kushuka zitunzeni kwa ajili ya hapo. Mwenye kutaka kuona Lupingu kwa raha ashuke kabisa, apande Ludewa, aendelee Njombe kwa basi. Asubuhi yuko majini, jioni anavaa sweta.

La pili ndilo linaniuma. Tunaposema "bajeti" tuwe waangalifu. Mama anayeuza usipa ufukweni ameamka usiku, ameanika, amefukuza kunguru na mvua, na meli inakuja siku chache tu kwa wiki. Anakutajia bei, msafiri kutoka mjini anashusha mpaka nusu, kwa sababu anajua honi inakaribia kulia na mama hana mteja mwingine. Hiyo nimeiona kwa macho yangu na inanikera. Bei ya ufukweni tayari iko chini kuliko utakayoikuta Njombe au Makambako. Punguza kwenye chumba, punguza kwenye bodaboda, punguza kwenye soda za melini. Kwa yule mama lipa alichosema, au omba akuongezee kidogo juu ya kipimo. Nyongeza ndiyo desturi yetu, na yeye haumii.

Kivuli cha Rungwe

Dada, nimekusikia na nakuunga mkono kwa moyo wote. Na hapo kuna faida hata kwa msafiri. Mama aliyelipwa vizuri ndiye atakayekuwekea mbasa mkubwa siku ya kurudi. Meli ileile inarudi, watu ni walewale.

Soko Matola

Asante dada Binti Pangwa, hilo nitaliongea na familia kabla hatujaondoka. Kwa hiyo wakuu mnanishauri nisogeze safari mpaka Septemba?

Mzee wa Liuli

Vijana hamjambo. Mimi nimezaliwa Liuli, sasa naishi Songea. Naomba niwaeleze kituo cha kwetu, maana kila meli ikisimama abiria wanaangalia lile jiwe wanapiga picha, halafu wanarudi ndani bila kujua wamepiga picha ya nini.

Mjerumani aliiita bandari yetu Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe hilo lililokaa kama mnyama aliyelala na kuinua kichwa. Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa na stima hapo, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu inatengenezwa. Tarehe 13 Agosti, siku chache tu baada ya vita kutangazwa Ulaya, stima ya Waingereza iitwayo Guendolen ikatokea upande wa Nyasaland, Malawi ya leo, ikaipiga mizinga. Nahodha Mjerumani alikuwa hajapata hata habari kwamba kuna vita, na huyo nahodha Mwingereza, Rhoades, walikuwa wanafahamiana vizuri. Wanahistoria wengi wanalitaja tukio hilo kuwa miongoni mwa mapambano ya kwanza kabisa ya majini ya Vita Kuu ya Kwanza. Limetokea hapo mnaponunulia ndizi.

Jambo la pili ni kaburi la Padri William Percival Johnson wa UMCA, misheni ya Kianglikana. Huyu alihudumu kwenye mwambao huu zaidi ya miaka arobaini, akienda kijiji kwa kijiji kwa boti. Misheni yake ilikuwa na stima iitwayo Chauncy Maples, iliyoshushwa majini mwaka 1901. Alifariki mwaka 1928 na akazikwa Liuli. Ninyi mnaotafuta namna ya kutumia vituo vya meli, mjue kuna mtu alitumia maisha yake yote kwenye vituo hivyohivyo.

Hospitali ya Mtakatifu Anna nayo ipo. Ni vizuri kujua, maana mwambao huu ni mrefu na mtu akiugua njiani lazima ajue wapi pana daktari.

Haya yote hayana kiingilio. Salimia watu, uliza njia kwa adabu, mwenyeji atakusindikiza. Ukimwachia kitu kidogo, sawa. Asipotaka, usimlazimishe.

Kivuli cha Rungwe

Shikamoo mzee wetu. Ndaga fijo. Hili la mwaka 1914 kila anayesafiri na watoto awasimulie wakiwa wanaliangalia jiwe lenyewe, litawakaa kichwani.

Binti Pangwa

Shikamoo mzee. Nimepita Liuli mara nyingi na la kaburi sikulijua. Asante sana.

Gangilonga

Wakuu, salamu kutoka Iringa. Mimi nilifanya kazi ya kuongoza wageni Unguja kabla ya kurudi nyumbani, na ninachokisoma hapa ni kilekile nilichokuwa nakiona kwa meli kubwa za kitalii zinazotia nanga Malindi. Mgeni ana saa chache tu nchi kavu. Wengi walinunua ziara ya kifurushi ndani ya meli kwa bei kubwa, wanapangwa kwenye basi dogo, nusu ya muda unaisha kwenye foleni. Wakati kutoka bandarini Malindi mpaka Ngome Kongwe na Forodhani ni kutembea tu, na soko la Darajani halipo mbali. Wachache waliotoka kwa miguu walirudi wakiwa wamekula urojo, wameingia vichochoro vya Mji Mkongwe, na wametumia sehemu ndogo ya hela za wenzao.

Kwa hiyo kanuni zangu mbili za kule naona zinafaa na kwenu. Anza na kilicho mbali kidogo, malizia na kilicho karibu na meli, ili dakika za mwisho uwe umeshafika. Na chagua kitu kimoja kwa kituo kimoja. Aliyetaka soko, jiwe, kanisa na kuogelea vyote kwa mara moja hakuna alichokipata.

Hata hivyo tofauti ipo. Meli kubwa zina saa iliyotangazwa ya mwisho ya kupanda, na ikifika zinaondoka kweli, asiyekuwepo anajitafutia nauli mpaka bandari inayofuata. Ya Nyasa, kama alivyosema mleta uzi, usome magunia.

Dereva wa Kasumulu

Hilo la kuogelea msilipite haraka. Mbali na midomo ya mito, kwenye mchanga na maji yanayocheza, hatari ni ndogo. Lakini pale mto unapoingilia ziwani usiingie maji. Lufilyo karibu na Matema, Ruhuhu pale Manda, kuna mamba. Na kwenye matete na maji yaliyotuama kuna kichocho. Kuhusu mamba, waulize wenyeji wapi ni salama, na muogelee kwa muda mfupi. Mkirudi nyumbani, baada ya wiki kadhaa mpeleke familia kupima kichocho. Dawa ipo na inatibu, shida ni kukaa nacho bila kujua.

Ngoro

Nawasalimu kutoka Mbinga. Naona kila mtu anaongelea kwenda na kurudi kwa meli. Mimi nasema msirudi kwa meli. Shukeni Mbamba Bay, laleni hapo usiku mmoja au miwili, halafu rudini kwa barabara. Sababu ni hizi.

Ukisubiri meli igeuze, siku zake zikisogea kwa sababu ya upepo au matengenezo unabaki unalipia chumba ambacho hukukipanga. Hapo ndipo bajeti za watu zinapovunjikia. Barabara ya Mbamba Bay kwenda Mbinga sasa ni lami, kilomita 66, inapanda kutoka ziwani mpaka milima ya Umatengo. Njiani mtaona mashamba ya ngoro, yale mashimo yaliyopangwa mlimani ambayo mababu zetu walibuni ili mvua isibebe udongo, na mibuni ya kahawa kila upande. Mbinga hadi Songea lami. Songea hadi Njombe na Makambako lami. Pale Makambako wa Mbeya anakata kushoto, wa Iringa anakata kulia. Safari nzima mmezunguka, na sehemu kubwa hamkuipita mara mbili, na kila usiku mnajua mtalala wapi.

Mbamba Bay yenyewe msiikimbie. Ghuba ni nzuri, milima nyuma, visiwa mbele. Kwa mtumbwi wa mvuvi mnafika visiwani mkaona samaki wale wadogo wa rangi rangi, mbuna, wanazunguka mawe, maji ni maangavu kiasi kwamba hamhitaji kifaa chochote. Elewaneni bei na mvuvi kabla ya kupanda, mwende asubuhi upepo haujaamka, na kila mtoto awe na boya kifuani. Kama mtumbwi hauna maboya msipande, hata kama bei ni nusu. Hapo hakuna cha kubana matumizi.

Kivuli cha Rungwe

Mkuu Ngoro, umenibadilisha mawazo kuhusu kurudi. Nilikuwa napenda kurudi kwa meli kwa sababu ya vile vituo vya usiku alivyosema Binti Pangwa, lakini kwa mwenye familia na likizo fupi, mzunguko wa Mbinga una akili zaidi. Asiye na haraka arudi kwa meli, mwenye tarehe ya kurudi kazini apite Songea.

Naongeza la hela. Bebeni taslimu za noti ndogondogo tangu Kyela. Chini ya milima ya Livingstone mtandao unakuja na kupotea, mama wa ndizi hana chenji ya elfu kumi, na wakala wa kutoa pesa unayemkuta anaweza asiwe na salio. Tiketi kateni dirishani bandarini, si kwa mtu aliyesimama njiani, na hakikisheni majina yenu wote wanne yameandikwa kwenye orodha ya abiria, pamoja na watoto. Hiyo orodha ndiyo inayotumika likitokea jambo.

Soko Matola

Wakuu nimewaelewa, na mke wangu amesoma uzi wote. Tumeamua hivi: watoto wakifunga shule mwezi wa tisa tunaanzia Matema kwa barabara, Ijumaa, ili Jumamosi mama watoto aende gulio la vyungu. Kisha tunasubiri meli, tunashuka nayo mpaka Mbamba Bay, Liuli tukipata muda watoto waone jiwe. Kurudi Mbinga, Songea, Njombe. Swali la mwisho: vyungu tutavibebaje safari yote hiyo?

Binti Pangwa

Kaka, mwambie mama anunue viwili tu vidogo, kimoja ndani ya kingine, katikati ajaze nguo za watoto. Vikubwa amwachie muuzaji namba ya simu na hela ya nauli, vije Mbeya kwa Coaster kwa jina lake. Wanavisafirisha kila wiki, wanajua kufunga.

Dereva wa Kasumulu

Na siku ya meli isiulizwe mtandaoni kabisa, hata kwenye uzi huu. Ratiba hubadilika. Jumatano ya wiki hiyo mpigie simu mwenyeji wako wa Matema, akatazame mizigo kama imeanza kujipanga bandarini. Ikianza kujipanga, nanyi fungeni mabegi.